Kipaji Ndani ya Boksi la Viatu

Jumatatu, 3 Machi

Boksi limefika. Si boksi la kawaida. Ni la kujifunzia upasuaji wa matundu madogo: lina kamera ndani, matundu mawili mbele ya kupitishia vyuma, na skrini juu. Hospitali yetu itaanza kutoa mifuko ya nyongo kwa njia hiyo. Mambo ya kumfungua mgonjwa tumbo zima kama begi yanakwisha. Unatoboa matundu, unaingiza kamera na koleo nyembamba ndefu, unatazama skrini, unafanya kazi.

Bosi, yaani bingwa wetu mkuu, ametangaza kwenye kikao cha asubuhi. Kuna nafasi moja. Mmoja kati yetu tunaosomea ubingwa atasimama naye kwenye upasuaji wa kwanza, halafu atakaa chini ya daktari mgeni anayekuja kufundisha mpaka aive. Mtihani ni Ijumaa ya wiki ijayo, kwenye boksi hilo, mbele ya watu.

Nafasi hii ni yangu. Sisemi kwa majivuno. Tangu nianze masomo haya kazi yangu ni kushika ile ndoano ya chuma inayovuta ukingo wa kidonda ili wenzangu waone ndani. Navuta mpaka vidole vinakufa ganzi. Wao wanakata, wanashona, wanapongezana. Mimi navuta. Chumba cha upasuaji hakuna anayeniita tena kwa jina langu. Wananiita Ndoano. Juzi mgonjwa mmoja alinishukuru akaniita Daktari Ndoano, kwa heshima zote.

Kwenye upasuaji wa matundu hakuna ukingo wa kuvuta. Hakuna ndoano. Nimesikiliza tangazo lile nikajisikia kama mfungwa aliyeona mlango umesahauliwa wazi.

Mpinzani wangu ni mmoja: Sindano. Tulianza naye masomo siku moja. Mshono wake umenyooka kama umepigwa cherehani, na hata hajivuni. Hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha kusoma tafiti. Kwa kawaida nasinzia. Leo nilikaa mbele.

Bosi alisoma utafiti kuhusu madaktari wanaojifunza kwa maboksi. Waliofanya mazoezi kidogo kidogo kila siku, hata nyumbani, waliwaacha mbali waliojikaza kwa mkupuo. Nikaandika. Utafiti wa pili ulisema mkono usiozoea kazi unaweza kuamshwa kwa kupewa vijikazi vya kila siku. Nikaandika, nikapigia mstari. Mwishoni alisema kitu kuhusu umuhimu wa kuwa na mtu wa kukutazama na kukusahihisha. Hapo nilikuwa napigia mstari wa pili.

Sindano alinifuata ukumbini. Akasema tufanye mazoezi pamoja, yeye anitazame, nami nimtazame. Mjanja sana huyu. Anataka kuiba mbinu zangu hata kabla sijazipata. Nikamwambia nina wagonjwa wengi wadini. Akasema wadi yetu ni moja na yeye ndiye ametoka kuwaona wote.

Boksi la hospitali wameliweka kwenye korido, mkabala na chumba cha chai, penye dirisha kubwa la kioo. Kila anayekoroga sukari anakuona. Siwezi kufanyia kazi nyeti mahali kama pale. Nimejiandikisha jioni zote mpaka siku ya mtihani. Sitakwenda hata moja, lakini na Sindano hatakwenda.

Jumatano, 5 Machi

Nimejitengenezea boksi langu. Fikra imenijia nikiwa nanawa mikono kabla ya upasuaji, nikacheka peke yangu ndani ya barakoa. Sista wa chumba cha upasuaji akauliza kama niko sawa.

Vifaa: boksi la viatu vipya vya mke wangu. Kompyuta ya mke wangu. Kamera ndogo ya kuchomeka ambayo mke wangu huitumia kuzungumza na dada yake. Koleo mbili ndefu za matundu nimezipata kwa Sista. Ni masalia ya msaada wa zamani, meno yamechakaa, zilikuwa kabatini zikisubiri kutupwa. Sikutaka ajue mpango wangu. Nikamwambia nazitaka kuzibulia sinki. Akanitazama juu mpaka chini akauliza kama sinki letu lina nyongo.

Mke wangu ni mwalimu na kompyuta ndiyo kazi yake. Akauliza viatu vyake sasa vinakaa wapi. Nikamwambia viko juu ya friji. Akauliza kompyuta ataipata lini. Nikamwambia baada ya historia kuandikwa. Akasema, "Daktari, mimi naandaa mitihani ya darasa la nne. Historia yako iandikwe kabla ya saa moja."

Vifungo vya mashati ndani ya boksi, kimoja kimoja kihamishwe kutoka kikombe hiki kwenda kile. Kesho naanza.

Alhamisi, 6 Machi

Nina kipaji.

Kila mtu anasema ugumu wa upasuaji huu ni kwamba chuma kinapita kwenye tundu, kwa hiyo kinacheza kama bembea ya watoto: mkono ukienda kulia, ncha ndani inakwenda kushoto. Bosi mwenyewe alisema alipojifunza aliteseka wiki kadhaa. Mimi nimeingiza koleo, nimepeleka mkono kulia, na kwenye skrini ncha imekwenda kulia. Nikapeleka kushoto. Ikaenda kushoto. Kama kuchota uji kwa kijiko. Nimerudia mara nyingi nikidhani nimekosea. Sijakosea. Kinachowatesa wenzangu mimi hakinihusu.

Jambo moja tu la ajabu: koleo la mkono wa kulia linatokea upande wa kushoto wa skrini, na la kushoto linatokea kulia. Bila shaka huo ndio ugumu wenyewe wanaousema. Nimeuzoea kabla chai haijapoa.

Mama mkwe amewasili mchana kukaa nasi siku chache. Kufuata utafiti, nimeanza kuuamsha mkono wa kushoto kwa vijikazi. Napiga mswaki kwa kushoto, nafunga vifungo kwa kushoto. Kwa hiyo nilimpa mama mkwe mkono wa kushoto kumsalimia. Aliuangalia ule mkono kama mtu aliyeletewa samaki asiyemwagiza. Halafu nikampa kikombe cha chai kwa mkono uleule. Akakipokea polepole, akamtazama binti yake, akanywa.

Nadhani amevutiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa nini niridhike na nafasi tu? Nimeamua kuandika utafiti. Madaktari wanaofahamika ni wale wanaoandika. Kichwa cha habari nimekitunga nikiwa bafuni: *Athari za Mazoezi ya Nyumbani kwa Mkono Wenye Kipaji.*

Utafiti mzuri unahitaji mtu wa kulinganisha naye, asiye na mafunzo. Mama mkwe alikuwa amekaa tu sebuleni. Nikamwelekeza kwa adabu: mama, tazama skrini, shika koleo, hamisha vifungo kutoka kikombe hiki kwenda kile. Alijaribu kidogo. Akaweka koleo chini, akafunua mfuniko wa boksi, akaingiza mkono, akachota vifungo vyote kwa mpigo mmoja na kuvimwaga kwenye kikombe cha pili. Akarudisha mfuniko.

Nikamweleza kwamba haifanywi hivyo. Akasema, "Mwanangu, kitu unaweza kukifungua, wewe unakichokoachokoa kupitia kitundu cha nini?"

Nimeandika: mshiriki wa pili ameondolewa kwenye utafiti kwa kukiuka utaratibu. Amebaki mshiriki mmoja. Matokeo yake ni mazuri mno.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimefanyiwa kikao cha familia bila taarifa.

Nimeamka nikamkuta shemeji yangu sebuleni, kaka wa mke wangu, yule anayeuza kompyuta. Mama mkwe amemwita. Tangu Alhamisi anaamini nimepata kiharusi upande wa kulia na naficha ili mke wangu asihangaike. Mswaki, vifungo, chai, salamu, vyote amevihesabu. Jana aliponiona nakula wali kwa kijiko cha mkono wa kushoto, nusu mdomoni na nusu kifuani, akapiga simu.

Shemeji akaniambia nitabasamu. Nikatabasamu. Akaniambia niinue mikono yote miwili. Nikainua. "Sema sentensi ndefu, shem." Nikamsomea muhtasari wa utafiti wangu. Akamgeukia mama yake, akasema mwili uko salama lakini asingependa kusema lolote kuhusu kichwa.

Nikawaeleza kila kitu: boksi, mtihani, nafasi. Mke wangu akasema angeelezwa hivyo siku ya kwanza angenisaidia. Mama mkwe hakushawishika. Ametoa dawa ya kuchua kwenye mkoba wake na kuuchua mkono wangu wa kulia mpaka begani. Nanuka kama mchezaji wa mpira aliyestaafu.

Jumanne, 11 Machi

Siku tamu kuliko zote.

Nimemwona Sindano kwenye boksi la hospitali. Anatumia muda wa chakula cha mchana, mimi nilizuia jioni peke yake. Nilisimama chumba cha chai, nikakoroga sukari polepole, nikatazama. Anateseka! Anataka kwenda kulia, koleo linakwenda kushoto. Pete za mpira anazohamisha kutoka kigingi hiki kwenda kile zinadondoka. Sista amesimama pembeni na kila kosa analisema kwa sauti: umevuka, umegonga, rudia. Sindano anacheka, anarudia. Watu wanapita, kila mmoja anatoa ushauri wake. Aibu ya namna gani hii.

Nilimwonea huruma kwa dhati. Nikatoka na chai yangu, nikamwambia asivunjike moyo, kuna watu mkono unakubali na kuna watu haukubali. Akaniuliza mimi nafanyia wapi mazoezi, maana jioni boksi linakaa bure na jina langu limejaa ubaoni. Nikamwambia mambo mengine hayahitaji boksi.

Nyumbani nimehamisha vifungo vyote bila kudondosha hata kimoja. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri kompyuta yake. Akasema jina la duka lililoandikwa ubavuni mwa boksi, upande wa ndani, kwenye skrini linasomeka kinyumenyume. Nikatazama. Kweli. Nimefurahi sana. Nimesoma mahali kwamba ubongo ukijifunza ustadi mpya unapanga upya namna unavyoona. Wangu umeanza. Akasema, "Mbona na mimi naliona kinyumenyume?" Nikamweleza kwamba amekaa karibu nami muda mrefu.

Alhamisi, 13 Machi

Maandalizi ya mwisho.

Nimewatangazia wenzangu chumba cha upasuaji kwamba kuanzia kesho jina Ndoano halitumiki. Nimependekeza Kamera. Sista akasema atalifikiria. Mtu wa dawa za usingizi akasema, "Sawa, Ndoano."

Nimeandaa maneno machache ya kushukuru. Nimempa Bosi nafasi ya kwanza, mke wangu ya pili, mama mkwe ya tatu, kwa sababu ya mkono uliochuliwa. Sindano nimemtaja kwa ukarimu, kama mshindani aliyejitahidi.

Leo asubuhi nilivuta ndoano kwenye upasuaji mrefu. Nilivuta nikitabasamu. Bosi akaniambia nisogee, naziba taa. Nikasogea. Siku yangu ya mwisho kuvuta, nilijiambia, acha nivute vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa nimekaa ngazini nyuma ya jengo la maabara. Hakuna anayepita hapa.

Walikuwepo wote: Bosi, daktari mgeni, Sista, wauguzi, hata mtu wa dawa za usingizi ambaye huwa haachi kiti chake. Sindano alianza. Alikwenda taratibu. Alidondosha pete moja, akaiokota, akamaliza. Daktari mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikajisemea, ngojeni muone.

Nikashika koleo. Nikapeleka mkono kulia. Koleo likaenda kushoto likagonga ukuta wa boksi. Nikadhani limelegea. Nikapeleka kushoto. Likaenda kulia, likaangusha kigingi na pete zake. Mkono wa kushoto ukaingia kusaidia. Niliona koleo upande wa kushoto wa skrini, nikajua huo ni mkono wangu wa kulia, nikausogeza mkono wa kulia. Ukasogea mwingine. Nikabana kitu, nikavuta kwa nguvu. Kilikuwa koleo langu la pili. Koleo zangu mbili zikavutana mbele ya watu wote kama wateja wawili walioshika shati moja sokoni.

Hakuna aliyecheka. Daktari mgeni aliuliza kwa upole kama hii ni mara yangu ya kwanza kuona kifaa hiki. Bosi akasema imetosha. Nikasema bado. Akasema, "Ndoano. Imetosha."

Sindano alichukua nafasi. Wakati wanampongeza, yeye alinijia. Akasema hajawahi kuona mtu akikosea kwa mpangilio namna ile: kila ulipotaka kulia ulikwenda kushoto, hukuteleza hata mara moja. Ulijifunzia wapi? Nilikuwa nimechoka kudanganya. Nikamwambia habari ya boksi la viatu, kamera ya kuchomeka na programu ya simu za video anayotumia mke wangu. Akawaza. Akauliza kama maandishi ndani ya boksi yalikuwa yanasomeka.

Nikakumbuka jina la duka.

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa aliyetoka kwenye usingizi. Programu ile ya mazungumzo inageuza picha yako kama kioo cha kujitazamia, kushoto inakuwa kulia. Tundu linageuza mara moja, kioo kinageuza mara ya pili, unarudi pale pale. Ndiyo maana ikawa rahisi. "Kaka, ulifanya mazoezi ya kitu ambacho hakipo. Na umekiweza kabisa." Alisema bila kejeli. Akaongeza kwamba angekuwa ananitazama tangu siku ya kwanza, angeliona kabla hatujakaa.

Sina kipaji. Nina kioo.

Jumamosi, 15 Machi

Futa yote ya jana. Mambo yamebadilika kabisa!

Bosi amenipigia simu asubuhi nikiwa bado kitandani. Sindano amemsimulia, naye hakulala kwa kufikiri. Anasema swali zuri la utafiti limejileta lenyewe mlangoni: mkono uliofundishwa kinyume, kwa bidii yote, unachukua muda gani kufundishika upya? Hajapata kuona mtu wa kupimwa kama mimi. Hawezi kumharibu daktari makusudi ili ampime, lakini mimi nimejiharibu mwenyewe, tena vizuri. Sindano ataongoza utafiti chini yake. Mimi ni Mshiriki wa Kwanza.

Wa kwanza! Nimeruka kitandani. Mama mkwe amekuja mbio na dawa ya kuchua.

Kuhusu upasuaji wenyewe, Bosi alisema nitakuwepo. Sindano atashika kamera. Mimi nitasimama pembeni nimevaa glavu, na ndoano yangu tayari, maana matundu yakishindikana itabidi wamfungue mgonjwa haraka, na hakuna mtu anayevuta kama mimi. Nikamuuliza kama hiyo ina maana mimi ni mchezaji wa akiba. Akasema niite ninavyotaka.

Utafiti unaanza Jumatatu. Sharti ni moja, alilirudia mara mbili: nisiguse boksi lolote mpaka siku hiyo, mkono ubaki kama ulivyo ili apime tangu mwanzo, na kila zoezi nilifanye Sindano akinitazama. Nikamwambia hakuna shaka, mkuu.

Nimeliwaza sharti hilo wakati wa kunywa chai. Ni sharti la watu wa kawaida. Fikiria Mshiriki wa Kwanza akifika Jumatatu mkono umeshanyooka wote. Watashika vichwa. Daktari mgeni atauliza yule ni nani. Bosi ataona amekosea kuhusu nafasi ile, na nafasi hubadilishwa. Sindano atakuwa amesimama pale pale, na saa yake mkononi, hana cha kupima.

Mke wangu amefungia kompyuta yake kabatini na ufunguo anao yeye. Si kitu. Nimekwenda kwa shemeji dukani, ameniazima nyingine, mpya kabisa, haijaguswa na mtu. Mambo ya kioo yalikuwa ya ile kompyuta ya zamani. Aliuliza ya nini, nikamwambia ya kuandalia mitihani ya darasa la nne.

Viatu vya mama mkwe navyo vilikuja na boksi. Nimeviweka juu ya friji.

Nimefunga mlango wa chumba. Kamera imeshika vizuri, programu ni ileile ya mazungumzo. Nimepeleka mkono kulia, koleo limekwenda kulia. Tayari limenyooka, na Jumatatu haijafika. Maandishi ya ubavuni mwa boksi yanasomeka kinyumenyume. Ubongo umeanza kazi mapema safari hii.